Kufunga taa za ziada kwenye Land Cruiser na pikipiki: ziwake na fulu (mwanga wa mbali), zizime na dimu (mwanga wa chini)

"Fundi, taa hizi zina jini. Nikiweka dimu zinawaka, nikiweka fulu zinazima."

Mwenye gari alikuwa ametoka Mufindi na Land Cruiser haditopu, ngao ya mbele ikiwa na spotlaiti mbili alizofungiwa wiki moja kabla. Hakuwa anatania. Alikuwa amesafiri usiku kucha akiwachoma wenzake machoni kila alipowapunguzia mwanga, kisha akibaki na taa zake hafifu kila barabara ilipokuwa yake peke yake. Jini lenyewe lilikuwa waya mmoja uliounganishwa pasipo pake. Nitalieleza mbele, maana Toyota nyingi za zamani zinalo, na mafundi wengi wazuri limewahi kuwasumbua.

Taa ya ziada ina kazi mbili: kukuonyesha mbali ukiwa peke yako, na kuzimika papo hapo anapotokea mwenzako. Kazi ya kwanza kila mtu anaijua, ndiyo anayoilipia. Ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua. Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya sharti moja: spotlaiti izimwe na mkono uleule, kwa swichi ileile, kwa wakati uleule unaoweka dimu. Mfumo unaomtaka dereva akumbuke kitufe cha pili huku lori linakuja, mimi siufungi.

Kwanza hesabu, ndipo dukani

Kwenye kilomita 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde. Ukiona ng'ombe, sekunde moja na nusu inapita kabla mguu haujakanyaga breki: mita 33 zimekwenda. Kwenye changarawe breki yenyewe inataka mita 50 hivi. Jumla ni mita zaidi ya 80, na dimu ya kawaida inakuonyesha 40 hadi 60. Pengo hilo ndilo tunalotaka kuliziba. Anayepita usiku kwenye barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi za swala, nyati na tembo, anajua ninachosema: macho ya swala yanang'aa mbali sana kabla mwili haujaonekana, ilimradi kuna mwanga wa kuyafikia. Hata hivyo taa si ruhusa ya kuongeza mwendo. Ukiongeza mwendo umelirudisha pengo lilelile.

Kuna taa zinazochoma mbali na taa zinazotawanya. Za kuchoma mbali ni za barabara ndefu iliyonyooka. Za kutawanya ni za njia za shamba, za msituni, za kupanda mlima kwa gia ya kwanza ukitafuta mawe. Ukiwa na uwezo wa jozi moja tu, chukua za kuchoma mbali zenye mtawanyiko kidogo pembeni. Na kama tatizo lako ni ukungu, kama ule wa Njombe na Mufindi miezi ya baridi, usidanganyike: taa kali ya mbali ndani ya ukungu inakurudishia ukuta mweupe. Ukungu unataka taa za chini, pana, zilizofungwa usawa wa bampa, na hizo ni mfumo mwingine wenye swichi yake, unaofanya kazi pamoja na dimu.

LED au haloji, ile balbu yenye uzi unaowaka? LED inakula umeme kidogo na inavumilia mtikisiko, kwa hiyo kwa pikipiki sina hata mjadala. Lakini epuka zenye mwanga wa kibluu. Nyeupe ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6000 na kuendelea inavutia dukani, ila kwenye vumbi inarudi machoni. Nyeupe ya kawaida, Kelvini 4300 hadi 5000, inaona vizuri zaidi. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi pia. Nimepima taa iliyoandikwa wati 180 ikawa inavuta ampea 2.5 kwenye volti 13.5, ambazo ni wati 34 tu. Omba muuzaji akuruhusu kupima. Akikataa, nenda duka la pili.

Haloji ya wati 55 bado ni taa nzuri ya gari. Mbili ni wati 110. Gawa kwa volti 12 unapata ampea 9 na kidogo. Hiyo ndiyo hesabu utakayoitumia kuchagua waya na fyuzi. Halafu pima betri kabla ya kununua chochote, kwa sababu baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani ni za volti 24, na taa ya volti 12 ukiiweka huko inakufa siku hiyohiyo.

Vitu vya kuwa navyo

Rilei ya miguu minne, ya ampea 30 au 40; hiyo ni swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa wa taa. Fyuzi na nyumba yake isiyoingiza maji. Waya wa gari wa milimita za mraba 2.5 kwa njia ya taa, na wa 1 kwa njia ya swichi. Terminali za kuminya pamoja na koleo lake halisi, maana plaizi haiminyi, inabonda. Bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunika waya, raba za kuweka kwenye matundu, wosha za springi, nati za kujifunga, msasa, grisi, na mita ya umeme.

Kwenye waya nina neno. Usitumie waya wa kufungia nyumba, ule mgumu wenye uzi mmoja. Mtikisiko unaukata kwa ndani na nje huoni kitu. Chukua wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ukwangue kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukikuta weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, na kwa ampea hizi itapata moto.

Unene wa waya si urembo. Njia ya jumla ya mita 4, kwenda na kurudi, ampea 10, kwa waya wa 2.5 inapoteza volti 0.3 hivi. Kwa waya wa 0.5 inapoteza 1.4. Taa ya haloji ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30. Watu wengi wanaolalamika kuwa spotlaiti zao ni "feki" wana taa nzuri na waya mbovu.

Kufunga taa zenyewe

Kwenye gari, mahali pazuri ni kwenye ngao ya mbele, chini ya usawa wa boneti. Juu ya paa panapendeza kwenye picha, lakini mwanga unapiga boneti na kukurudia wewe mwenyewe, na kwenye vumbi la gari lililo mbele yako ni balaa. Taa kubwa usizipange katikati zikaziba rejeta. Ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo, mshale wa joto utakuonyesha kosa lako.

Toboa tundu kwa kipimo cha bolti, kwangua kingo kwa tupa, paka rangi palipobaki chuma kitupu. Weka wosha ya springi na nati ya kujifunga. Kaza kiasi kwanza, maana bado utaielekeza taa ukutani.

Waya, rilei na fyuzi

Toa terminali ya hasi ya betri kwanza. Utairudisha mwisho kabisa. Sababu ni rahisi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo iliyo mkononi mwako.

Rilei ina namba kwenye miguu yake, na kwenye rilei nyingi namba hizo ni zilezile kwa sababu zinafuata kiwango cha Ujerumani, DIN 72552. Mguu wa 30 unapokea chanya kutoka betri kupitia fyuzi. Wa 87 unapeleka umeme kwenye taa. Wa 85 na 86 ni wa koili ya ndani, yaani mkono unaovuta mlango ufunguke. Ukikuta mguu wa tano ulioandikwa 87a uache wazi, maana huo unatoa umeme rilei ikiwa imelala. Nimekuta taa zilizounganishwa hapo zikiwaka usiku kucha gereji mpaka betri ikaisha.

Fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 15 au 20 tu, kabla waya haujaanza safari. Fyuzi inalinda waya, haipo kwa ajili ya taa. Kwa haloji mbili za 55 weka ampea 15. Kwa mbili za wati 100 zinazovuta karibu ampea 17, weka 25 na upandishe waya hadi milimita za mraba 4.

Hili nimejifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa pili wa ufundi nilifunga taa kwenye pikapu, nikapitisha waya kwenye tundu la bati bila raba, na fyuzi nikaiweka kule mbele karibu na taa kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Baada ya miezi mitatu ya makorongo bati lilikuwa limekata ganda la waya. Waya uligusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, fyuzi haikuona kitu, na mwenye gari akanipigia simu akiwa amesimama kando ya barabara anamwaga mchanga kwenye injini. Hakuumia mtu. Tangu siku hiyo kila tundu ninalopitisha waya lina raba, na fyuzi naifunga kabla ya kitu kingine chochote.

Rilei ifunge miguu ikiangalia chini ili maji yasikae. Kila waya unapoingia kwenye kifaa uachie kijitumbo kidogo kinachoning'inia, maji yadondokee hapo badala ya kuteleza hadi ndani ya taa. Ethi ya taa, yaani waya wa hasi unaorudi bodini, usiifunge juu ya rangi; kwangua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Ngao nyingi zimepakwa rangi pande zote na bolti zake zina kutu, kwa hiyo mimi napeleka waya wa ethi hadi bodini karibu na betri, sitegemei ngao.

Sasa lile jini

Inabaki koili ya rilei: nani ataiamsha? Tunataka waya wa fulu wa taa kubwa uiamshe, kupitia swichi ndogo kwenye dashibodi ambayo dereva anaweza kuizima moja kwa moja akiwa mjini. Kwenye magari mengi waya wa fulu unapata chanya ukiweka fulu. Unautoa hapo, unaupitisha kwenye swichi, unaupeleka 86, na 85 unakwenda ethi. Kazi imeisha.

Lakini Land Cruiser za safu ya 70 na 80, na Toyota nyingi za miaka ile, zimepangwa kinyume. Balbu ya H4, yenye uzi wa dimu na uzi wa fulu ndani yake, ina miguu mitatu. Ukiwasha taa, mguu wa pamoja unapata chanya muda wote, na swichi ya kwenye usukani inachagua ni uzi upi wa balbu upewe ethi: wa dimu au wa fulu. Sasa tazama. Ukiwa kwenye dimu, waya wa fulu haujapewa ethi, ila umeshikana na chanya kupitia uzi wa fulu ulio ndani ya balbu. Ukiupima unasoma volti 12. Fundi anaona 12, anafurahi, anaupeleka 86, na 85 anaufunga bodini. Koili inahitaji ampea 0.15 hivi tu, na hizo zinapita kwenye uzi wa balbu bila hata kuufanya uwe mwekundu. Spotlaiti zinawaka na dimu. Akiweka fulu, waya uleule unageuka ethi, pande zote mbili za koili zinakuwa hasi, rilei inaachia. Dereva anaita jini.

Dawa yake ni kupima kabla ya kukata. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye waya wa fulu nyuma ya taa. Ikisoma 0 kwenye dimu na 12 kwenye fulu, gari ni ya kawaida. Ikisoma 12 kwenye dimu na karibu 0 kwenye fulu, ni ya ethi. Kwa hiyo ya ethi, chukua chanya kwenye mguu wa pamoja wa taa, pitisha kwenye swichi hadi 86, halafu 85 uunganishe na waya wa fulu. Kwenye dimu pande zote za koili zina chanya na rilei imelala. Kwenye fulu upande mmoja unashuka na rilei inaamka. Ile ya Mufindi niliibadilisha kwa waya wa nusu mita. Mwenyewe alikaa ndani akisogeza mkono wa swichi, dimu, fulu, dimu, akisikiliza rilei inavyogonga tik, tik, akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu."

Gari jipya lenye kompyuta ya kusimamia taa ni habari nyingine. Usikate waya wake kwa mazoea ya haditopu. Tafuta kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hiyo.

Pikipiki

Kwa vijana wa bodaboda swali la kwanza si taa, ni chaji. Taa kubwa ya pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni wati 35, na mfumo wa kuchaji umepangiwa hizo na ziada kidogo sana. Jozi ya LED za wati 10 kila moja inabebeka kwenye nyingi. Jozi ya wati 20 ipimwe kwanza. Haloji mbili za 55 usizifikirie.

Kupima ni hivi. Mita kwenye betri, pikipiki imezimwa: betri nzima inasoma karibu 12.6. Washa, piga resi ya kati: inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Sasa washa taa zote pamoja na zile mpya, rudisha sailensa (injini ingurume taratibu bila resi), kisha resi ya kati tena. Ikibaki juu ya 13 kwenye resi ya kati, sawa. Ikiwa chini ya 12.8 hata ukipiga resi, taa zinakula betri, na siku moja saa nane usiku kiki itakuwa rafiki yako pekee. Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, wewe funga tu, mimi natumia kiki kila siku." Nilimfungia za wati 10, na nikamwonyesha mita ilivyokuwa ikishuka na zile kubwa alizokuja nazo.

Pikipiki nyingine za zamani hazipeleki umeme wa betri kwenye taa kubwa. Zinapeleka umeme wa AC, wa kwenda na kurudi, moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini inayozalisha umeme, ndiyo maana mwanga unapanda na kushuka na resi. Waya wa fulu wa pikipiki ya namna hiyo usiutumie kuamsha rilei, itatetemeka tu. Chukua chanya inayotoka kwenye swichi ya funguo, na weka swichi ya spotlaiti kwenye hendeli pale kidole gumba cha kushoto kinapofika bila kuachia mshiko. Hapo sharti langu linalegea kidogo, na ndiyo maana pikipiki hizo nazifungia taa ndogo zilizoelekezwa chini.

Taa zifungwe kwenye gadi au kwenye shokapu za mbele, pande zote mbili usawa mmoja. Fyuzi ya ampea 5 inatosha LED mbili za wati 20. Waya unaopanda kwenye shingo ya hendeli uachie ulegevu: geuza hendeli hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, uangalie hauvutwi wala haubanwi. Karibu kila waya wa pikipiki uliokatika ninaouletewa umekatikia hapo shingoni.

Kuelekeza mwanga

Hapa watu huchoka na kusema "zinawaka, inatosha." Haitoshi. Subiri giza. Weka upepo sahihi kwenye tairi, mzigo wa kawaida ndani ya gari, simama mita 10 kutoka ukutani kwenye ardhi tambarare. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama ukutani kwa kimo hicho, kisha shusha kitovu cha mwanga sentimita 5 chini ya alama. Taa iliyo mita 1 juu ya ardhi itagusa barabara mita 200 mbele. Taa ya kushoto igeuze kidogo sana nje, upande wa bega la barabara, kwa sababu ndiko waendao kwa miguu, mbuzi na baiskeli zisizo na taa waliko. Ya kulia inyooke. Usiivushe upande wa wanaokuja. Pikipiki ielekeze ukiwa umekaa juu yake, na kama unabeba abiria, abiria naye akae. Mtu wa kilo 70 nyuma anainua mwanga kuliko unavyodhani.

Mjini taa hizi zizime kwa swichi ya dashibodi, au zivike vifuniko. Askari wa usalama barabarani ana haki ya kukusimamisha kwa taa inayowaumiza wengine, na hata kama hakuna askari, anayekuja mbele yako akipofuka kwa sekunde mbili kwenye kilomita 80 amekwenda mita 44 bila kuona, akielekea kwako. Taa nyekundu usiielekeze mbele, wala usiweke bluu ya kumeta.

Kabla ya kumkabidhi mtu gari, washa taa zote nusu saa, injini ikiwaka. Kisha zima, shika fyuzi, shika rilei, shika kila kiungo ulichominya. Uvuguvugu ni kawaida. Kiungo ambacho kidole hakivumilii hadi uhesabu tano kina terminali iliyolegea: ikate, minya upya. Baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi mwenye gari arudi na spana ya ukubwa wa bolti zake. Siku hiyo karibu kila mara kuna nati moja iliyolegea robo mzunguko, na mwanga umeanza kutazama juu ya miti.